Mteremko wa Vigae

Manubia alikuwa ameapa, tena mbele ya mashahidi, kwamba hatabebwa tena na binadamu yeyote mpaka siku ya kupelekwa makaburini. Na hata siku hiyo, alisema, wabebaji atawachagua mwenyewe. Kiapo hicho alikiapa katikati ya ngazi za nyumba ya utamaduni ya Sidi Marzuk, akiwa ameinuliwa pamoja na kiti chake cha magurudumu na wanaume wanne wa mkahawani, baada ya mmoja wao, Munji muuza samaki, kusimama ghafla ili apokee simu. Munji alishika kiti kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, akabishana na mkwewe juu ya dagaa walioharibika, na kwa muda wote wa mabishano hayo Manubia alining'inia upande, ushungi umemshukia puani, akitazamwa na mji mzima uliovaa nguo za sikukuu.

"Lalla, vumilia kidogo," Munji alimwambia kwa heshima. "Huyu mama mkwe wangu hakati simu."

"Nawe huwezi kuikata, mwanangu?"

"Nithubutu? Una watoto wa kike wewe, uniachie mmoja nikifukuzwa?"

Tangu siku hiyo Manubia hakuuona tena ukumbi ule. Jambo hilo halikuwa dogo. Kabla kisukari hakijamchukua mguu wa kulia, na ule wa kushoto ukasusa kufanya kazi peke yake, yeye ndiye aliyekuwa mama mkwe katika kila mchezo wa kuigiza uliochezwa mjini, kwa kuwa hakuna mwanamke mwingine aliyejua kuingia nyumba ya watu kwa kiburi kama kile. Sasa alikaa uani kwake, akikata pilipili, na kiburi chote kile kikawa hakina pa kwenda ila kwa mumewe na kwa wifi yake.

Ilikuwa asubuhi ya pilipili hizo ndipo alipoingia Si Rauf, yaani bwana Rauf, mkurugenzi wa nyumba ya utamaduni, mtu mwembamba aliyezoea kuomba radhi hata kwa milango. Safari hii aliusahau mlango.

"Zimefika, Lalla Manubia! Fedha zimefika!"

"Fedha za nani?" aliuliza Shedlia, wifi yake Manubia, ambaye alikuwa akitunga pilipili katika uzi na hakupenda habari njema zimpite bila kuulizwa maswali.

"Za umma. Za wizara. Zile za kuwafungulia milango ya kumbi na maktaba watu wasioweza kupanda ngazi. Tunajengewa mteremko mlangoni, na choo kipana ndani."

"Basi hazijafika," Shedlia alikata shauri. "Fedha zikifika kweli, mtu huja na keki."

Si Rauf akatoa kisanduku cha keki kwapani.

Shedlia alifuta mikono yake, akakipokea kisanduku kwa heshima yote inayostahili fedha za umma, na kwa kuwa wifi yake alikuwa na kisukari, akaanza kuzila zote kwa niaba yake.

"Lakini kuna sharti," Si Rauf aliendelea. "Siku ya ufunguzi atakuja mkaguzi kutoka mji mkuu. Anataka kuona mwenye kiti anapanda mwenyewe, hasukumwi, habebwi. Asipoweza, mradi umeshindwa. Fedha zilizobaki wanapewa Bir Ziyad."

Shedlia alitema chembe ya lozi. Jina la Bir Ziyad halikutajwa wakati wa kula katika nyumba za Sidi Marzuk.

"Na jioni ya siku hiyohiyo tunacheza," alisema Si Rauf, akimwinamia Manubia. "Mama mkwe ni wewe. Ukiingia."

"Na asipoingia?" Shedlia aliuliza, upesi mno.

"Basi... Lalla Shedlia, nasikia maneno unayajua."

"Nayajua hata nikiwa nimelala. Sikiliza: 'Nyumba hii haina mtu wa kumkaribisha mkubwa?'" Alilisema neno hilo la kwanza la mchezo kwa sauti ya mtu anayeuza mbatata.

Manubia alifumba macho. Kwa sauti ile mkaza mwana asingetetemeka, angeuliza bei.

"Nitaingia," alisema. "Kwa mkono wangu na gurudumu langu."

Wakati huo mumewe, Usta Tijani, mfinyanzi mkuu wa mji, alikuwa ametoka karakanani, udongo umemkauka hadi viwikoni. "Mteremko wenyewe wa nini?" aliuliza.

"Wa saruji, Usta."

"Saruji." Usta Tijani alilitamka neno hilo kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. "Katika Sidi Marzuk? Mji ambao hata hori la punda wa marehemu Hammadi lina vigae vya kijani? Mke wangu apite juu ya saruji kama gunia la mbolea?"

"Mke wako anataka kupita tu, Usta," alisema Manubia. Alimwita Usta alipokuwa na hasira. Siku za amani alimwita mwana wa ami, nao kweli walikuwa watoto wa ndugu wawili. "Hata juu ya mgongo wa ngamia."

"Nitaufunika kwa vigae, Rauf. Bure. Rangi saba, mng'ao wa tanuri langu mwenyewe. Ndege, samaki, na tausi katikati. Bir Ziyad wakiuona watahama."

Macho ya Si Rauf yalijaa machozi ya shukrani, kwa kuwa neno *bure* halikutamkwa mara nyingi katika ofisi yake. Manubia peke yake ndiye aliyebaki akimtazama mumewe.

"Havitateleza?"

"Binti ami, miaka yote hii unakanyaga vigae vyangu uani. Uliteleza lini?"

"Niliteleza siku ya harusi ya jirani yetu Naziha."

"Ulikuwa unakimbia."

"Nilikuwa nakukimbiza wewe."

"Basi makosa yalikuwa yangu, si ya vigae," alisema Usta Tijani kwa unyenyekevu usio wa kawaida yake, akarudi karakanani kabla hajaulizwa la pili.

*

Mji wa wafinyanzi una adabu zake, na adabu iliyo kuu ni hii: kazi iliyotoka tanurini haionyeshwi kabla ya siku yake. Macho yakiitangulia, wanasema, hupasuka. Kwa hiyo vigae vilipokwisha kupangwa juu ya mteremko, Usta Tijani aliufunika wote kwa shuka nyeupe, kama bi harusi, akatundika juu yake mkia wa samaki wa kufukuza kijicho, akamweka dada yake Shedlia hapo kwenye kigoda, akae akilinda.

Manubia alijisukuma hadi pale jioni ya kwanza.

"Nifunulie kidogo tu, wifi. Nijaribu gurudumu moja."

"Bi harusi haonekani kabla ya siku yake."

"Mimi sitaki kumwona. Nataka kumpanda."

"Astaghfirullah! Kaka yangu kasema hapana. Nami nina kazi yangu hapa, usinivuruge." Shedlia akarudi kwenye karatasi za mchezo. "'Nyumba hii haina mtu wa kumkaribisha mkubwa?' Sema kweli, safari hii imetoka vizuri?"

"Imetoka. Ingefaa irudi."

Mkia wa samaki, ulioletwa kufukuza kijicho, uliita paka. Walikuja kwa kunyata kutoka soko la samaki na mahali pengine ambapo heshima yao haijulikani, wakawa wanaingia chini ya shuka mmoja mmoja. Manubia alikuwa akitazama hivyo alipomwona paka mmoja wa rangi ya kahawia akitoka kwa chini. Hakuwa akitembea. Alikuwa ameketi, miguu ya mbele imekazwa, macho yamemtoka, akija kwa kasi isiyomhusu yeye mwenyewe. Akapita mbele ya kigoda cha Shedlia, akakomea barabarani, akasimama na kujilamba kana kwamba hayo ndiyo aliyoyakusudia.

Moyo wa Manubia ulishuka pamoja naye.

Alimkuta mumewe akipuliza vumbi katika tanuri. "Usta, paka kateleza kwenye mteremko."

"Paka gani?"

"Wa kahawia."

"Yule wa Bir Ziyad," alisema Usta Tijani, wala hakugeuka.

"Mwana wa ami." Aliibadilisha sauti, na sauti hiyo hakuitumia ovyo. "Nakuomba. Niujaribu kesho alfajiri, hakuna atakayeona. Kama mbaya, tutatengeneza. Kama mzuri, nitakusifu mpaka uchoke."

Mzee aliweka chini kipulizio chake. Alitaka kukubali, uso ulikwisha kukubali. Lakini nyuma yake zilikuwa zimesimama karne za wafinyanzi, wote wakiwa wameshika shuka.

"Kikipasuka hata kimoja, watasema Tijani hakuamini kazi yake. Kesho kutwa, binti ami. Utapanda mbele ya watu wote kama malkia. Niamini."

Alimwamini kwa sababu ya miaka waliyoishi pamoja, ingawa paka alisema vingine.

*

Siku ya ufunguzi mkaguzi alifika kabla ya wote, jambo lililouaibisha mji mzima. Jina lake Bi Siham, mhandisi wa wizara, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mazoezi chini ya suti. Hakutaka kahawa, hakutaka kiti, na aliposomewa majina ya wageni waheshimiwa alitazama saa.

Shedlia alikabidhiwa mrashi wa fedha. Desturi ni kumnyunyizia mgeni viganjani maji ya maua ya michungwa, matone mawili matatu, yatoshe kunukia. Lakini maji ya mwaka ule yalikuwa yamekenekwa na Shedlia mwenyewe, na hakutaka yadharauliwe. Aliwarashia wageni viganjani, kisha vichwani. Akaurashia mlango kwa baraka. Na shuka ilipovutwa, katika vigelegele vilivyotikisa madirisha, akaurashia mteremko wote kuanzia juu hadi chini kama mtu anayemwagilia mchicha.

Na kweli ulikuwa mzuri. Hata maadui wa Usta Tijani walinyamaza. Tausi alikuwa ametandaza mkia wake kutoka ukingo hadi ukingo, samaki wa buluu walimzunguka, na juu ya vyote hivyo jua lilimulika katika maji yenye harufu nzuri mpaka watu wakakinga macho.

Si Rauf alipanda wa kwanza, hotuba mkononi, ili asomee juu. Alikuwa amefika kwenye shingo ya tausi.

"Wageni waheshimiwa, leo mji wetu unapanda—"

Miguu yake ikaenda mbele yake. Si Rauf aliketi. Kisha, akiwa bado ameketi, akaanza kushuka. Na kwa kuwa karatasi ilikuwa ingali mbele ya macho yake na hakujua la kufanya lingine, akaendelea kusoma. Alipita kifua cha tausi kwenye "juhudi za serikali," akapita samaki kwenye "ushirikiano wa wananchi," akafika miguuni pa Bi Siham penye maneno "kwa unyenyekevu mkubwa."

Watu walidhani ni sehemu ya shughuli. Walipiga makofi.

"Sasa mwenye kiti," alisema Bi Siham.

Manubia alikuwa amevaa lile vazi lake jekundu la mama mkwe, lililokaa sandukuni muda mrefu mno. Alisema bismillahi, akashika magurudumu, akasukuma. Magurudumu yalizunguka. Yalizunguka kwa bidii, kama jiwe la kusagia, ila kiti hakikwenda popote. Alirudi nyuma, akaja kwa kasi, akafika kwenye mkia wa tausi. Hapo kiti kikasimama, kikatafakari, kikaanza kurudi polepole na yeye ndani yake, amekaa wima, kidevu juu, akiwatazama watu kana kwamba kurudi nyuma ni heshima wanayopewa wachache.

Jaribio la tatu lilikuwa baya kuliko yote, kwa sababu watu walianza kumhurumia.

"Lalla Manubia," ilitoka sauti ya Munji, na nyuma yake wale watatu wengine wakikunja mikono ya mashati. "Tukubebe tu. Dakika moja. Simu nimezima, wallahi."

Simu ikalia mfukoni mwake.

"Rudi nyuma, Munji," alisema Manubia, "nisije nikakuapiza pamoja na dagaa wako."

Bi Siham aliinama, akapitisha kidole juu ya kigae, akakinusa. "Nani alichagua hivi?"

Vidole vyote vya mji vilimwelekea Usta Tijani.

"Kazi nzuri sana, Usta," mkaguzi alisema, na alimaanisha. "Ningekuwa na ukuta, ningeiweka ukutani." Kisha akamgeukia Si Rauf, aliyekuwa akijipangusa. "Naenda kukagua maktaba mji wa pili. Nitarudi hapa kabla ya magharibi. Mama huyu akipanda mwenyewe, natia sahihi. Asipopanda, nimeona nilichokiona."

"Mji wa pili ndio..." Si Rauf alimeza mate. "Ndio upi?"

"Bir Ziyad."

*

Gari lake halijapinda kona, na Sidi Marzuk nzima ilikuwa imekwisha kuwa mhandisi. Walileta mikeka ya matete, wakaitandika. Manubia alipanda hatua chache, kisha mkeka, kiti na Manubia wote wakashuka pamoja kwa utulivu, kama mkate unaotolewa tanurini. Mtu akamwaga mchanga; mchanga juu ya mng'ao ukawa mbaya kuliko maji. Fundi keki, aliyekuwa na nia safi, alisema kinachotakiwa ni kitu cha kunata, akamimina sufuria ya shira. Ilinata. Manubia alikwama katikati ya tausi, hapandi wala hashuki, na harufu ya shira na maua ya michungwa ikawafikia nyuki wote wa upande ule wa mji. Watu walitawanyika. Munji alikimbia akilia kwamba ana mzio. Manubia, asiyeweza kukimbia, alibaki peke yake na nyuki, nao kwa bahati walimheshimu.

Aliyerudi wa kwanza alikuwa mumewe, na ndoo ya maji ya moto. Aliosha shira, akamshikilia kiti hadi chini. Kisha akaketi kwenye ukingo wa mteremko, mikono magotini, akitazama samaki wake.

"Niseme nini?" aliuliza hatimaye.

"Hujasema bado kwamba ni kosa la paka."

"Usinicheke, binti ami."

"Sikucheki. Kazi ya kucheka nimewaachia wengine." Alivua ushungi, akafuta shira kwenye kiganja. "Ulikuwa unafikiri nini, Usta? Niambie nijue."

Mzee alichokonoa udongo uliokauka kwenye ukucha. "Siku ile walipokubeba. Mimi nilikuwa nimesimama pale, kwenye mkahawa. Nilikuona umepinda vile, na Munji na simu yake. Nikasema: siku atakayoingia tena mlango ule, atapita juu ya kitu kizuri kuliko vyote nilivyofanya maishani. Nilitaka upite juu ya kitu kizuri."

"Na mimi," alisema Manubia, "nilitaka kupita tu."

Kutoka ndani ya ukumbi ilisikika sauti ya Shedlia ikijaribu neno lake la kwanza kwa namna mpya, safari hii kama mtu anayeita mbuzi. Kisha sauti ikakatika. Punde akatokea mlangoni, naye amevaa vazi jekundu alilolishona kwa siri, akashuka ngazi bila kuwatazama, akashika njia ya nyumbani. Manubia alidhani amekwenda kulia. Lakini Shedlia alirudi, akihema, amekumbatia kitu ndani ya aproni, akakimwaga miguuni pa kaka yake. Ilikuwa nyundo, na tindo, na nyundo nyingine.

"Neno lile la mama mkwe nalitaka," alisema Shedlia. "Mungu anajua nalitaka. Ila silitaki hivi. Usimfanye mtu apande sabuni halafu mimi niingie mahali pake. Gonga vigae vyako, Tijani. Toa huo mng'ao."

Usta Tijani aliitazama nyundo kama anayeombwa kumchinja mtoto. Chini ya mng'ao, yeye alijua kuliko wote, udongo uliochomwa ni mkavu na wa kukwaruza. Gurudumu lingeushika kama ulimi wa ng'ombe unavyoshika chumvi. Alijua hilo tangu siku ya kwanza. Hakupenda tu kulikumbuka.

Alipiga magoti mbele ya samaki wa kwanza.

"Samahani," akamwambia samaki, akamgonga jichoni.

Aliomba radhi kwa wote. Kwa kila ndege alisema neno, na tausi alimsomea fatiha nzima kabla ya kumdonoa manyoya. Mlio wa nyundo ukasikika mtaani, na mtaa wa wafinyanzi hautambui mlio wowote kama ule. Wakaja mbio kuona nani anavunja, wakaona ni Tijani mwenyewe, wakasimama. Kisha wa kwanza akaenda kuleta nyundo yake. Hata wale waliokuwa hawasemezani naye walikuja, na baadhi yao, haina haja ya kuficha, waligonga kwa furaha.

"Polepole!" Usta Tijani aliwapigia kelele. "Huyo ni njiwa, si jirani yako!"

Palipobaki samaki mmoja mdogo wa buluu, kwenye ukingo kabisa, mzee alimfunika kwa kiganja.

"Gurudumu halimfikii huyu," alisema.

Manubia alisogeza kiti, akapima kwa jicho. Lingeweza kumfikia, kama mtu angekuwa mlevi.

"Mwache," alisema. "Nitampisha, mwana wa ami."

*

Jua lilikuwa limeinama Bi Siham aliporudi, na kiatu chake kimoja kilikuwa na rangi mbichi ya kijani. Hakueleza kilichompata huko Bir Ziyad, ila alipouona mteremko uliodonolewa tangu juu hadi chini, tausi amenyonyoka kama kuku wa sokoni, aliukanyaga kwa mguu wenye rangi, akausugua huku na huku, akasogea pembeni.

"Tafadhali, mama."

Ukumbi ulikuwa umejaa, mlango uko wazi, na waliokosa nafasi walisimama mkahawani. Manubia alisema bismillahi. Magurudumu yalitoa sauti ya kukwaruza, sauti mbaya, sauti ya jino juu ya jiwe. Hakuwahi kusikia muziki unaoshinda ule. Alipanda. Alipita kwenye mkia wa tausi, akapita kifua, akampisha samaki wa buluu kwa adabu. Jasho lilimtiririka, na Munji, huko chini, alikuwa ameinua mikono yote miwili hewani kama mtu anayebeba kitu kizito kisichokuwapo.

Alifika juu. Vigelegele vilipasuka. Bi Siham alitoa kalamu. Si Rauf, aliyekuwa amekaa mahali salama, alilia waziwazi. Kilichobaki ni Manubia kupita mlango, na mchezo uanze.

Manubia akageuza kiti, akashuka.

"Nini tena?" Usta Tijani alimaka. "Kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya wowote," alisema Manubia, akapanda tena.

Akafika juu, akatazama mlango, akatazama mteremko, akashuka. Mara ya tatu alipanda akijaribu kwa mkono mmoja. Ndani watu walianza kugonga sakafu kwa miguu. Shedlia akatoa kichwa.

"Manubia! Watu wanangoja!"

"Nami niliwangoja. Rudi ndani, wifi, ushike nafasi yako."

"Nafasi yangu ipi? Mimi sina neno hata moja!"

"Mama mkwe anakuja na dada yake. Sasa hivi nimeamua. Wewe utasema 'Amina' kila nikisema. Unaiweza?"

Shedlia aliifikiria. "Amina," alisema, kama mtu anayeuza mbatata. Na safari hii ilifaa sana.

Manubia alishuka mara ya mwisho, kwa ajili ya afya tu. Ndani uvumilivu wa watu ulikuwa umekwisha, na taa zilikuwa zimezimwa, wala hapakuwa na mtu jukwaani. Ndipo iliposikika kutoka nje, juu ya mkwaruzo wa magurudumu unaokaribia, sauti ambayo mji ulikuwa haujaisikia tangu miguu yake ilipokuwa miwili:

"Nyumba hii haina mtu wa kumkaribisha mkubwa?"

Ukumbi mzima ulisimama. Mchezo haukuandikwa hivyo. Watazamaji hawakupewa neno lolote. "Karibu, Lalla!" walipaza sauti, na wanaume wa safu za mbele, kwa mazoea ya miaka, walikuwa wamekwisha kukunja mikono ya mashati na kuelekea mlangoni.

Manubia alitokea kizingitini katika vazi lake jekundu, kidevu juu.

"Kaeni," alisema. "Naja mwenyewe."

"Amina," alisema Shedlia.